Chakula Kisichowashiwa Moto

Kazi tatu ya juma, 6 Agosti

Nimeloweka tena. Avoine, ile oti ya pakiti, maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji baridi, karanga za kutwanga, asali kidogo. Ndizi nitakata asubuhi, isije ikawa nyeusi. Nimefunika kwa sahani na kuweka dirishani. Baridi ya usiku inatosha. Friji ni kabati tu, courant ya umeme ilikatika juzi.

Ndivyo tulivyofanya kwenye nyumba ya masista, Kipushi. Ilikuwa kazi yangu ya jioni. Asubuhi hakuna aliyewasha moto, hakuna aliyeuliza kijiko kiko wapi. Kimya mpaka baada ya misa.

Hapa Ruashi, kwa kaka yangu Valentin, asubuhi ni vita. Redio. Watoto. Yeye anatafuta buti zake za mgodini. Kule utawani nilitoka mwezi wa kwanza, kabla ya nadhiri. Hakuna aliyenifukuza. Niliomba mwenyewe. Nilitaka kuzaa.

Sijaolewa. Sijazaa. Nakula avoine peke yangu.

Kazi ine, 7 Agosti

Mama Glody, mke wa Valentin, ameonja leo. Akashika shavu.

“Hii njo mulikulaka kule? Bila moto? Ee, njo maana ulikimbia!”

Wote wakacheka. Mimi pia. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, nikasimama kati ya mashuka mpaka uso ukatulia.

Majirani bado wananiita Masœur, kama sista. Hata muuza nyanya. Wengine kwa heshima, wengine siyo.

Jumamosi, siku ya posho, 9 Agosti

Ujumbe kwenye simu. Béatrice. Tuliingia utawani siku moja, vitanda vyetu vilipakana. Anafunga nadhiri zake za kwanza siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni.

“Kuya, yaya. Nikigeuka nikuone.” Ananiita niende, na bado mimi ni dada yake mkubwa.

Ningekuwa nimesimama kando yake. Nina wivu. Naandika hivyo hivyo: wivu.

Bukari ya mchana, ugali wetu, imeungua mikononi mwangu.

Siku ya Mungu, 10 Agosti

Nimemwambia Valentin. Hataki.

“Ulitoka, basi ulitoka. Unaenda kufanya nini kule? Kulia mbele ya bantu?”

Siku niliyoingia utawani alichinja mbuzi. Alikodi spika. Marehemu baba, mtu wa reli, alivaa koti lake la kazi lililopigwa pasi na kumsalimu kila mtu mara mbili. Tangu nilipotoka, Valentin hajanisamehe lile koti.

Kazi mbili, 12 Agosti

Upepo na vumbi. Mtoto mdogo wa Mama Glody amelala mgongoni mwangu mchana mzima. Pumzi yake ya moto shingoni. Kwa ajili ya hii nilitoka. Sikudanganyika, ni tamu kweli.

Halafu saa ya sala ya jioni ikafika na nikajikuta nimesimama wima, nasikiliza. Kengele hakuna. Malori ya mgodi tu. Nimelia. Mtoto hakuamka.

Kazi ine, 14 Agosti

Nimemwambia Valentin kwamba naenda. Amevaa buti zake, ametoka.

Mama Glody akaingia chumbani kwangu na liputa lake jipya, kitenge kile cha harusi ya mdogo wake. Akalitupa kitandani.

“Usiende sawa mufiwa,” akasema. Akatoka.

Kazi tano, 15 Agosti

Nimerudi. Miguu imejaa vumbi la Kipushi.

Nilikaa kwenye mabenchi ya familia. Béatrice alipiga magoti, akataja jina lake kwa sauti nene ambayo sikuijua. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza. Alipogeuka aliniona, na uso wake ukafunguka, na kwa dakika ile sikuwa na wivu hata kidogo.

Baadaye alinishika mikono yote miwili. “Kiti yako, tulitosha ku Pasaka tu,” akaniambia. “Mbele ya ile, hakuna mwenye alitaka kuigusa.”

Kiti changu hakikuondolewa mpaka Pasaka. Masista, ninyi mlinisubiri. Na mimi huku nikidhani mlango ulifungwa siku ileile.

Wakati wa chakula miguu ilinipeleka jikoni yenyewe. Nilikwisha kufungua kabati la mabakuli. Mnovisi mmoja, mgeni kwangu, akanizuia kwa adabu sana.

“Maman, bageni beko ku salle.”

Maman.

Hakujua. Ndivyo anavyoitwa kila mwanamke wa rika langu. Nilifunga kabati. Nikasema asante, binti. Nikaenda ukumbini kukaa na wageni.

Siku ya Mungu, 17 Agosti

Baada ya misa tulikaa uani, Mama Glody na mimi, tunachambua lengalenga, mchicha wa hapa. Valentin amelala. Watoto wako kwa jirani.

Nikamwambia, bila yeye kuuliza: roho yangu bado iko kule. Sirudi. Lakini iko kule.

Hakucheka. Alichambua kwanza majani kadhaa.

“Ata mi,” akasema. “Kwetu Kasenga, asubui, unasikia maji ya Luapula kabla ya kufungua macho. Hapa ninaamukaka, ninasikiliza. Kila siku.”

Miaka yote ameolewa hapa na sikuwahi kumsikia akitaja mto.

“Maji yenyewe inasema nini?” nikamuuliza.

Akaweka kisu chini, akaanza kunieleza.