Jina Nililompa Msaliti

Bwera,
Septemba 2015

Kwa dada yangu Aidah,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Hidayah, na kwamba mzee wetu bado anakwenda msikitini kwa miguu yake bila kushikwa mkono. Kifua chake kimepona? Mwambie ile dawa ya mizizi asiichanganye na vidonge vya hospitali, maana ninamjua. Kwa upande wangu afya ipo. Ninakula, ninalala kidogo, na malaria ya mwezi uliopita imeniacha. Hizo ndizo habari njema, na zimeisha.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mimi ambaye hata shuleni insha zangu uliziandika wewe. Juzi uliponipigia ukauliza kwa nini Kataliko anayekuletea vitenge hapatikani kwenye simu, na kama ni kweli amepata wateja wengine Kasese akakuacha na duka tupu, nilikujibu kwamba mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Nilikata kwa sababu mdomo wangu umeshaharibu vya kutosha, nikaona safari hii nisiutumie. Barua hii nimempa Musitafa wa lori akukabidhi mkononi, pamoja na furushi. Furushi usilifungue kabla hujamaliza kusoma.

Wewe hujapata kuingia kwenye kibanda chetu cha video, kwa hiyo acha nikueleze kazi yenyewe, usije ukadhani ni kubonyeza vitufe tu. Filamu zinakuja kwa Kichina, kwa Kikorea, kwa lugha ambazo Eridadi mwenye kibanda hazijui na mimi sizijui. Ninakaa kando ya skrini na kipaza sauti, ninapunguza sauti yao, ninaweka yangu. Ili watu wa Bwera wasisinzie, ninahamisha kila kitu kuja huku kwetu: ikulu ya mfalme inakuwa ofisi ya forodha, farasi anakuwa bodaboda, na jemadari akitoa amri ninamfanya afande wa kizuizini. Na watu wote ninawapa majina ya hapa mjini. Mlafi atapewa jina la mchoma nyama wa stendi, mwoga atapewa la Eridadi mwenyewe. Aliyetajwa, kama yumo ndani, ni desturi asimame na kupungia watu mkono, nao humpigia makofi. Yupo mtu aliwahi kuniletea kuku nimtaje. Mji mzima ulikuwa ukiniita Vijei Shafic, yaani Shafic msimulia filamu, na sikufichi, nilivimba kichwa.

Siku ya Idd ndogo, baada ya swala na pilau, Eridadi alileta filamu mpya ya mapigano. Ilikuwa ya msichana aliyelelewa na mzee mmoja kwenye hekalu la mlimani, akafundishwa kuua tangu utoto: kwa upanga, kwa pini ya nywele, kwa vijiti vya kulia wali, na kwa mikono mitupu akikosa vyote. Nikamwita Masika. Mlima nikaufanya Rwenzori, na hekalu nikaliweka juu ya Mubuku, pale maji ya mifereji ya mpunga yanakotoka. Wakonzo, wenyeji wa mlima huo, wakapiga mabenchi kwa furaha. Masika alipomrusha mtu dirishani nikasema amemtupa mpaka ziwani Mweya akaliwe na mamba, na kibanda kikacheka mpaka vumbi likashuka kwenye mabati. Siku hiyo nilikuwa na moto, dada. Kila nilichosema kiliwaingia.

Sasa kwenye hadithi hiyo kuna msaliti. Usiku mmoja anawafungulia maadui lango la hekalu, wanaingia wanachinja watu wote wamelala, hata yule mzee mwalimu. Masika peke yake anapona, na filamu yote iliyobaki ni kisasi chake. Msaliti mwenyewe ni mtu mpole, mwenye ndevu chache, asiye na maneno mengi, na anapoonekana mara ya kwanza amebeba furushi begani. Unajua nani anatembea hivyo hapa Bwera. Nikasema, huyu tunayemwona ni Kataliko, muuza vitenge.

Alikuwemo. Alikuwa amekaa nyuma na binamu yake Blandine, yule mama anayeuza unga wa muhogo, pamoja na Wakongo wengine wa Beni na Butembo. Vijana wa bodaboda wakageuka wakamwambia asimame. Akasimama. Alitabasamu, dada, maana alijua desturi yetu, na nadhani alifurahi kwamba hatimaye naye amehesabiwa mtu wa hapa. Akapunga mkono. Na akiwa bado amesimama, kwenye skrini lango likafunguliwa. Nikaona vizuri kinachokuja. Ningeweza kusema chochote, na badala yake nikasema kwamba Kataliko anawafungulia wauaji wa nyumbani kwake mwenyewe, na kwamba yeye hatakufa na wenzake kwa sababu anaijua siku.

Unayajua yaliyompata. Mama yake na wadogo zake waliuawa kwa mapanga kule kijijini kwao, upande wa Beni, mwaka jana, na yeye akapona kwa kuwa hakuwepo. Hapa mpakani walikuwepo waliokuwa wakinong'ona amewezaje kupona peke yake. Wanaonong'ona hivyo ni watu waliofiwa, hawana wa kumlaumu, na mnong'ono ungekufa wenyewe. Mimi niliupa kipaza sauti.

Upande wa bodaboda walicheka. Mabenchi ya nyuma hayakucheka. Kataliko alibaki amesimama kidogo, mkono ukiwa bado juu, halafu akaushusha akatoka. Blandine akatoka nyuma yake na mfuko wake. Mimi nikaendelea. Mwishoni Masika anamkamata msaliti kwenye daraja na kumuua polepole, kiungo baada ya kiungo, na kila alipomkata nililitaja jina. Vijana walikuwa wakilitaja pamoja nami. Eridadi alisema hajawahi kuona Idd ya namna hiyo.

Kesho yake watoto walimfuata sokoni wakiimba kwamba anaijua siku. Wanawake waliokuwa wakipanga vitenge karibu naye walihamisha mikeka yao. Wenzake wa Butembo, waliokuwa wakisaidiana naye kuvusha mizigo, walianza kuvuka bila kumwita. Alikuwa akipigiwa simu za matusi mpaka akaivunja laini. Halafu mtu mmoja, sijui nani, alikwenda kusema kwa wanajeshi kwamba hapa sokoni kuna mtu wa waasi wanaochinja watu kule Beni. Wakamchukua. Waliokuwepo wanasema afande alimwambia, "Wewe, kaa chini. Toa viatu. Nani alikuambia siku?" Walikaa naye, hawakupata kitu, wakamwachia. Akatoka pekupeku, akapita katikati ya soko, na tangu siku hiyo Bwera haikumwona tena.

Nilijaribu kurekebisha, Mungu ni shahidi. Nilimwomba Eridadi tuionyeshe ile filamu tena siku ya soko, kibanda kikiwa kimejaa. Msaliti alipotokea na furushi lake nikasema, huyu ni Shafic. Nikasema Shafic ndiye aliyefungua lango, Shafic ndiye aliyemuuza mtu asiye na kosa, na wote mliomo humu mlimsaidia. Unajua walifanya nini? Walicheka kuliko siku ya Idd. Walinitaka nisimame nipunge mkono. Nikasimama, nikasema sifanyi mzaha, yule mtu hakufanya lolote, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyojishika mbavu. Mmoja alitokwa na machozi ya kicheko. Eridadi akataka tuifanye hivyo kila siku ya soko. Lile la uongo walilibeba mpaka nyumbani kwao, na hili la kweli waliliacha pale pale kwenye mabenchi.

Mpaka hapa ukisoma, utasema Shafic ni mjinga, alichezea jina la mtu bila kufikiri. Ningependa sana ubaki na wazo hilo. Nimezunguka siku nyingi nikitafuta namna ya kuimaliza barua hapa. Lakini kuna mambo nimeyaruka.

La kwanza ni kwamba haikuwa kwa kutofikiri. Asubuhi ile ile ya Idd Kataliko alikuja chumbani kwangu, amenyoa, amevaa shati jeupe. Alileta furushi hili. Ndani kuna kitenge chako na kitambaa cha kanzu cha mzee. Aliniambia, "Shafic, miye si mutu wa maneno mingi. Niko nataka kumuoa Aidah, kama yeye anakubali. Umuambie kwanza yeye, kisha baba yenu. Mambo ya dini tutaongea na muzee, miye sina ubishi." Alikuja kwangu kwa kuwa mimi ni ndugu yako wa kiume, akafanya kama watu wenye adabu wanavyofanya, akapitia mlangoni. Nikamjibu nimesikia, nitafikisha. Alipoondoka nikalisukuma furushi chini ya kitanda.

Sikuwa na ubaya wowote wa kumshtakia. Nilikuwa tayari nimesikia bodaboda wakinitania kuhusu shemeji Mkongo, na niliona haya. Tena tangu mama afariki ni wewe uliyenifulia, ukanipikia, na hata nilipokuwa nikifukuzwa kila mahali ni kwako nilikorudi. Nilimwona huyu mtu anakuja kunifungia mlango huo. Kwa hiyo mchana, lile furushi lilipotokea kwenye skrini, sikulitafuta jina. Lilikuwa tayari mdomoni tangu asubuhi.

La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Wanajeshi walipomhoji alikuwa wapi siku ile watu wake walipouawa, aliwaambia wamuulize Shafic. Afande akaniita. Nilimkuta Kataliko amekaa chini, miguu mitupu, akanitazama kwa matumaini kabisa, hata sikuelewa kwa nini hakuwa na hasira. Afande akaniuliza kama ninajua huyu alikuwa wapi. Na nilijua, dada. Wewe pia unajua. Siku ile alikuwa amekuletea mzigo Kasese, mvua ikaharibu barabara, mzee akamzuia asirudi, akalala kwetu. Mimi nilikuwa nimekuja kuwasalimia. Ni mimi niliyemtandikia mkeka. Nilichomjibu afande ni kwamba mimi ni mtu wa filamu, mambo ya Wakongo siyajui. Kataliko aliinamisha kichwa. 

Jana nilirudi kwa afande kumwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka, akaniambia alikuwepo siku ile nilipojifanya msaliti, na kwamba ninaigiza vizuri. Akaita wenzake waje wanisikie. Nikaondoka.

Neno langu halina uzito tena Bwera. La mzee linao, na lako linao. Ndiyo maana ninakuomba, si kwa ajili yangu, mje wewe na mzee mseme alilala wapi. Mseme kwa afande na mseme sokoni, mbele ya wale wanawake wa mikeka. Mzee atakumbuka, maana mgeni yule alimsaidia kuziba paa lililokuwa likivuja.

Blandine alikataa kunisalimia tangu Idd. Wiki hii alinihurumia, au alichoka tu kuniona nimesimama mbele ya unga wake, akaniambia aliko. Yuko Mubuku, Aidah. Muda wote huu uliokuwa ukimpigia simu amekuwa hapo karibu nawe, kwenye shamba la mpunga la mtu, anafukuza ndege. Hakuja dukani kwako kwa sababu anaamini nilifikisha ujumbe na wewe ulikataa. Alimwambia Blandine kwamba dada mtu amekataa, na ndugu mtu hakumtaka, basi haina haja ya kuwasumbua watu wema. Bado anatuita watu wema.

Fungua furushi sasa. Sijaligusa zaidi ya kulifuta vumbi. Kama moyo wako ulikuwa unamtaka, yeye hajui, na kama haukumtaka, hilo nalo alistahili kulisikia kutoka kwako. Kibanda nimekiacha, sasa ninapakia magunia na Musitafa. Idd kubwa sitakuja mpaka uniite. Usiponiita nitaelewa.

Msalimie mzee, umwambie nitamwandikia yeye barua yake, maana haya sikuweza kuyaandika mara mbili kwa siku moja. Mbusu Hidayah. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Ukifika Mubuku, uliza mtu anayefukuza ndege kwenye mashamba ya chini, karibu na mfereji mkubwa. Usiulize kwa jina la Kataliko. Ameliacha, huko wanamwita jina jingine.

Ni mimi mdogo wako,
Shafic