Nyota Juu ya Bega la Kibo

Njoro, Moshi
21 Januari 2026

Kwa Dada Lukresia,

Shikamoo. Natumaini homa iliyokushika wakati wa mitihani ya uuguzi imekwisha. Sisi tu wazima. Mama huuliza kila siku kama huko Mtwara unapata mtori wa ndizi, nami nimechoka kumjibu.

Nakuandikia kuhusu mumeo. Unajua sijawahi kumstahi Filbert. Mtu aliyeishia darasa la saba, akavaa kofia pana na kuwaonyesha wageni sayari kwa tochi ya kijani pale Kibosho, kwenye nyumba ya wageni ya mzee Primus! Majina ya nyota aliyatangaza kama anayenadi ng'ombe. Nilikuwa nikiona haya kwa niaba yako.

Jumamosi nilialikwa huko. Saa mbili usiku nyota kubwa nyeupe ilisimama juu ya bega la Kibo, upande wa mashariki, naye Filbert akawaambia wageni kuwa ni sayari ya Mshtarii, yaani Jupita. Nilicheka kwa sauti. Nikasema mbele ya wote kwamba hata mtoto wa chekechea anaijua Zuhura, na kwamba tochi haimpi mtu elimu. Akanijibu taratibu kuwa, shemeji, chungulia kwanza kwenye darubini, utaiona miezi yake minne. Nilikataa kuinama. Mzee Primus akasema msomi akishanena hakuna la kuongeza, na asubuhi akamwachisha kazi.

Dada, Zuhura haiachani na jua. Jioni hukaa magharibi. Haiwezi kupanda mashariki jua likiwa limezama. Mimi, mwalimu wa fizikia, hulifundisha hilo kila mwaka. Najitetea kwamba nilipitiwa tu, lakini sina hakika. Huenda nisingeinama hata kama ningejua, kwa kuwa darubini ilikuwa mkononi mwa Filbert.

Kama amekuambia yuko likizo, anaificha aibu yangu.

Nimekata jani la isale, lile la kuombea msamaha, nyuma ya nyumba ya mama. Kwa desturi yetu aliyekosewa hawezi kulikataa, na ndiyo sababu nasita: msamaha usiokatalika waweza kuwa dharau nyingine. Kwa hiyo Jumamosi nitaanza kwa mzee Primus, wageni wakiwepo. Nitainama, nihesabu miezi minne kwa sauti, niseme nani alikuwa mjinga. Jani litafuata.

Mama anakusalimu sana. Ng'ombe wake amezaa ndama jike. Usinijibu kabla hujazungumza na mumeo.

Mdogo wako,
Doris