Sifongo Nilizoanika na Dagaa

Ujiji,
Kigoma.
14 Juni 1998

Mpendwa mwanangu Nasma,

Shikamoo yako nimeipata kwenye barua, marahaba sana. Hujambo huko Dar es Salaam? Kifua kimepoa? Sisi tu wazima wa mwili. Mke wangu Shadya bado anagomba toka alfajiri, kwa hiyo ujue haumwi.

Dagaa wa kuanikwa mwezi huu wamejaa ufukweni Kibirizi mpaka mchanga hauonekani.

Mwanangu, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nina aibu.

Ulipoandika kwamba sifongo za ziwani kwetu, vile viumbe laini vinavyoota mwambani, zimeua vijidudu huko maabara kwenu, na huenda ikapatikana dawa, nilizunguka Ujiji nzima nikijigamba. Ukaagiza nyingine za mwamba uleule. Feliksi, yule mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa tuliyempa kazi ya kuzama, akazileta zilezile. Akazitia kwenye chupa za spiriti kama ulivyotufundisha, akanikabidhi.

Kuharibu nikaharibu mimi. Chupa moja ilivuja, nyumba ikanuka gongo, na watu wanapita mlangoni kwenda msikitini. Nikaona mzee mzima nitasemwa. Nikaimwaga spiriti yote, nikazipiga sifongo chumvi, nikazianika Kibirizi pamoja na dagaa. Kwetu kitu cha ziwani kikitaka kusafiri hukaushwa kwanza, nani asiyejua? Siku ya treni nikanunua spiriti nyingine, nikazirudisha chupani, nikanyamaza.

Ulipouliza mbona hazina nguvu tena, nikakujibu Feliksi amekosea mwamba. Uongo mtupu, Nasma. Niliogopa utaniona mshamba.

Wakubwa zako wa maabara wakamwachisha kazi, kumbe barua yao ndiyo iliyokuwa ikimruhusu kukaa nje ya kambi. Wiki hiyohiyo alichukuliwa na polisi pale Katubuka, akarudishwa kambini. Mkewe Melania, binti wa hapa Gungu, amebaki peke yake na mimba ya miezi saba. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imemfikisha mwingine.

Sasa unaniambia mwisho wa mwezi wanataka kuachana na sifongo zetu. Wasiache. Waonyeshe barua hii, hata wakinicheka. Wamwandikie Feliksi ruhusa upya, azame tena, maana mwamba ule anaujua yeye. Chupa asinikabidhi mimi, azipeleke stesheni mwenyewe.

Nisalimie mumeo Abdulatif na watoto. Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu yenye kufaa watu, na mimi anipe uso wa kukutazama utakapokuja.

Melania naye anakusalimu. Jana alituletea dagaa wa kukaanga, akapiga goti akaniamkia, akaniagiza nikuombe radhi kwa kosa la mumewe. Nilimwitikia marahaba, nikala dagaa wake.

Mjomba wako akupendaye pamoja na aibu yake,
Iddi