Mate Niliyoweka kwa Vichupa vya Mume Wangu

Kitengela

Na yule uliyemsikia akilia nyuma yangu tulipoongea Jumapili, Mama, haikuwa redio. Nilikudanganya. Alikuwa Lemayian, mume wangu, amekaa chini kando ya kitanda mchana kweupe, na mimi nikazungumza kwa sauti kubwa ili usimsikie. Nyumba yetu ni chumba kimoja, hakuna mahali pa kwenda kukuambia ukweli kwa simu, ndiyo maana naandika. Dada mmoja wa kanisa anasafiri kuja Mbale, atakuletea barua hii mkononi. Uisome ukiwa peke yako.

Kwanza, mgongo wako unaendeleaje? Mvua imewafikia huko, au mahindi bado yanasimama kwa neema tu? Mimi ni mzima wa mwili. Nashona sare za shule, wateja wanakuja, na bado nampenda mume wangu kama siku ile ya harusi Kajiado. Unakumbuka mama yake, ambaye mimi sasa namwita Yeyo kama watoto wake, alivyotutemea mate viganjani akatubariki, na shangazi akashtuka? Miezi minne imepita na akitabasamu bado moyo wangu unaruka. Mama, sikukosea kumchagua. Jua hivyo kabla hujasoma mengine.

Lemayian ni mgonjwa. Si malaria, si tumbo. Ni ule ugonjwa wa huzuni unaoitwa depresheni, pamoja na wasiwasi. Aliniambia kabla ya harusi, nikamwambia nitakupenda mpaka ugonjwa uishe. Nilidhani mapenzi ni dawa. Anaamka kama mtu aliyebeba mawe usiku kucha. Kuvaa viatu tu kunamchosha. Halafu usiku, saa ya kulala, mwili wake ndio unawaka kama mtu anayefukuzwa. Wewe uliniuliza, "Ni mwanaume gani analala mpaka saa tano?" Ndugu yake Parsaloi, yule mrefu aliyechezesha watu kwenye harusi, alikuja hapa akasema mabaya zaidi.

"Ugonjwa uko wapi? Nionyeshe kidonda. Hata ng'ombe akiumwa naona."

Neno hilo lilimkaa Lemayian.

Kwenye kliniki anayochukulia dawa kulikuwa na utafiti, na nesi anayeitwa Sista Mwikali akamwuliza kama angependa kuingia. Alituelezea polepole. Mwili wa kila mtu hutoa homoni fulani ya kumsaidia kukabili mashaka. Asubuhi mtu akiamka homoni hiyo hupanda haraka, kisha hushuka kidogo kidogo mchana wote, mpaka saa ya kulala iko chini kabisa. Kwa baadhi ya watu wenye huzuni na wasiwasi, mwendo huo huharibika: asubuhi haipandi inavyofaa, au jioni inakataa kushuka. Wao walitaka kuupima kwa mate. Kichupa cha kwanza ukifungua macho tu, kabla hata ya maji. Cha pili nusu saa baadaye. Cha tatu mchana, cha nne kabla ya kulala. Siku mbili.

Ungemwona Lemayian siku hiyo! Alitembea kwa haraka mpaka nikabaki nyuma. "Everline," akaniambia, "kama kuna kitu kimeharibika, kitaonekana. Nitampelekea Parsaloi hiyo karatasi." Yeyo aliposikia kwa simu alicheka sana. "Mate ni ya kubariki watu, nyinyi mnayatia kwa chupa? Mtambariki nani, daktari?"

Alifanya, Mama. Siku mbili aliinuka saa aliyoambiwa, jasho linamtoka, akatema, akaandika saa kwa mkono wake. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuviweka mahali pa baridi. Hatuna friji. Nikaomba nafasi kwa mama anayeuza soda hapo chini, nikafunga vichupa kwa karatasi nyeusi. Akaniuliza ni nini. Nikaona haya kusema ni vya mume wangu mgonjwa wa akili. Nikasema ni dawa ya ng'ombe, kwa kuwa Lemayian anafanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo.

Siku ya kuvichukua, havikuwako. "Nilitupa," akasema. "Dawa ya ng'ombe karibu na soda za watu? Wacha, dada. Wateja wakijua nitafunga duka."

Nilirudi juu nikamkuta Lemayian amelala, amechoka na zile siku mbili kama mtu aliyelima shamba zima. Nilishindwa kumwambia arudie. Kulikuwa na vichupa vya akiba kwenye bahasha. Pasta alituambia siku ya harusi kwamba sisi si wawili tena, ni mwili mmoja. Mama, mimi nililiamini neno hilo mpaka mwisho. Nikajiambia mate yangu na yake ni kitu kimoja. Siku mbili nikaamka mapema, nikatema kwa siri, nikaandika namba yake ya utafiti. Kisha nikavipeleka kliniki nikiimba.

Wiki zikapita. Alipoenda kuchukua dawa aliomba kuona mstari wake, ule unaoonyesha homoni ikipanda na kushuka, na mimi nilikuwa nimekaa hapo. Sista Mwikali akamwonyesha kwenye kompyuta. Ulipanda asubuhi kama kilima, ukashuka taratibu mpaka chini.

"Umekaa kama wa mtu asiye mgonjwa?" Lemayian akauliza.

"Umekaa vizuri, lakini usiusome hivyo. Mstari huu hauwezi kusema wewe ni mzima au mgonjwa. Dawa zako endelea nazo."

Hakusikia hiyo ya pili. Alisikia "vizuri" tu. Nami nilikuwa na kinywa, sikukifungua. Tukitoka pale akasema polepole, "Basi mimi si mgonjwa. Mimi ni mtu mbaya tu. Parsaloi alijua."

Akaacha dawa. Mimi sikujua, kwa sababu alikuwa anazitoa kwa pakiti asubuhi mbele yangu, anazitupa njiani. Akaanza kuamka mapema. Akatulia. Nikafikiri anapona, nikakupigia simu nikifurahi, unakumbuka.

Halafu Jumanne moja Parsaloi akanipigia kutoka kwao Bisil, anacheka. "Shemeji, bwana yako ametajirika? Amekuja asubuhi akanipa mitamba yake yote miwili. Ile ya harusi! Nikamwambia nikupe nini, akasema hakuna. Kwani mmeokoka mpaka hamtaki ng'ombe?"

Mama, mimi si wa huku, lakini nimekaa nao vya kutosha. Mwanaume wa hapa anaweza kugawa mnyama akiwa na sababu: jamaa amefiwa, rafiki ameomba. Kugawa yote, bure, bila kuombwa, na akiwa ameoa juzi, ni mtu anayefunga safari ya kutorudi. Nikamwambia, "Parsaloi, yuko wapi?" Naye akaacha kucheka. Lemayian alikuwa ameshaondoka.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Alirudi saa tisa mchana, ametulia, hata akanibusu kwa paji la uso. Akaniambia, "Wewe bado msichana. Utapata mtu mzuri." Sijawahi kuogopa hivyo.

Nikafunga mlango nikamwambia yote. Friji, soda, vichupa, mate yangu. Akaniuliza polepole,

"Ule mstari ni wako?"

"Ni wangu."

"Wangu hakuna aliyeuona?"

"Hakuna aliyeuona, mpenzi wangu. Ulitupwa na yule mama wa soda."

Akatoa mfukoni kitu alichokuwa amekichukua kazini, kwenye duka la dawa za mifugo, akakiweka mezani. Nimeshakirudisha kwa mwenye duka. Kisha akakaa chini akalia, na hakulia kama mtu aliyesamehe. Alinikasirikia siku nyingi. Ana haki.

Tulienda kliniki siku hiyo hiyo. Daktari amemrudishia dawa, tunaenda kila wiki, na amesema asiachwe peke yake hata kidogo. Kwa Sista Mwikali nilikiri pale mlangoni. Alifuta namba ya Lemayian kwenye utafiti, akanishika mkono. "Dada, ungesema tu vimepotea. Tungewapa vingine."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Hilo ndilo linalonila. Lemayian ameomba kurudia vipimo, akaambiwa apate nafuu kwanza, na kwamba anatibiwa kwa anavyojisikia, si kwa mstari. Nafuu bado haijaja, Mama. Jumapili ulimsikia mwenyewe. Jana alikula nusu sahani na akaniuliza sare ngapi zimebaki, nami nikafurahi kana kwamba ameninunulia kiwanja. Nashonea nyumbani sasa, si kibandani, cherehani iko miguuni pake. Parsaloi naye alikuja na kuketi naye siku nzima. Hakuuliza kidonda kiko wapi. Mitamba anaichunga tu, anasema ni ya mwenyewe.

Nakuomba usimwambie tena neno uvivu, hata kwa mzaha. Na usilipeleke jambo hili kwenye maombi ya Jumatano.

Nisalimie Baba, umwambie kwa upole. Nisalimie shangazi aliyenipamba, dada yangu mkubwa na mtoto wake mchanga, na babu, mlinzi wa kuku wote.

Daktari amekubali tusafiri kati ya kliniki moja na nyingine, bora niwe naye kila hatua. Sitakuja peke yangu na sitamwacha huku. Tutakuja kabla mwezi huu haujaisha, Mama. Wote wawili.

Mwanao anayekupenda,
Everline