Dua Niliyoisoma kwenye Arobaini Yako

Dada Somoe,

Salamu zikufikie huko uliko, Mungu akupanulie kaburi lako. Sisi huku Nambambo wazima, mimi magoti tu yananisumbua. Mikorosho imetoa maua vizuri. Ule wa karibu na choo, uliosema tuukate, umechanua kuliko yote.

Nimeanza na mikorosho kwa sababu nina aibu.

Ulipotutoka, wenzako wa kikundi cha kukamua ufuta kule Malolo walisema lazima uwe na ukurasa wako kwenye tovuti ya kikundi, watu wamjue aliyekianzisha. Wakampa kazi Rashidi, fundi wa kompyuta pale Ruangwa mjini. Mwanaidi, yule katibu wenu, akanipigia simu: "Mama mdogo, barua zake zote uliandika wewe. Na wasifu wake andika wewe." Nikakubali. Nikanunua na daftari jipya.

Sikuandika, Dada. Kila nikishika kalamu nilikuwa naandika "Marehemu alikuwa mtu wa watu", halafu nakusikia nyuma yangu: "Hilo neno sijalisema. Lifute."

Unakumbuka? Shemeji yuko Mtwara kwenye kibarua, wewe darasani hujawahi kukaa, mimi na darasa langu la saba najiona mwandishi. Wewe unatwanga unasema, mimi naandika barua yake juu ya goti. Siku moja nikachomeka kuwa unamkumbuka kama ardhi inavyokumbuka mvua. Niliposoma ukasimamisha mchi. "Nani kasema hayo? Mimi nimesema mtoto anakohoa na bati limetoboka. Andika hivyo."

Basi daftari likabaki jeupe mpaka arobaini yako ikafika.

Siku hiyo tumekaa wanawake upande wetu wa pazia, Mwanaidi kaingia mbio kutoka mjini na karatasi za ukurasa wako. Hata yeye hakuwa amezisoma, kazipokea steshenari akapanda bodaboda. Juu ipo picha yako na ule ushungi wa kijani. Chini yake maandishi, aya tatu. Nikatazama, si Kiswahili. Unavijua vile vitabu vyetu, dua ya Kiarabu imeandikwa kwa herufi za shuleni ili nasi tuweze kuisoma? Nikajua ni hivyo. Nikamshukuru na Rashidi moyoni, kwamba ameona nimeshindwa wasifu, akakuwekea dua.

Wakasema, "Bi Hawa, tusomee."

Nikasoma. Nikaivuta sauti kama tulivyofundishwa madrasa. Loremu ipsumu dolo siti ameti. Wanawake wakajibu: "Amina." Nilizisoma aya zote tatu, Dada. Amina juu ya amina. Bi Fatu, jirani yako, alilia mpaka akashikwa.

Nilipomaliza, shekhe akakohoa upande wa pili wa pazia, akaniuliza kwa upole: "Bi Hawa, hiyo dua iko kitabu gani?"

Nikajibu, "Imetoka Ruangwa."

Kuna mwanamume akacheka akajizuia. Nilitamani mkeka unifunike.

Jumatatu nikamfuata Rashidi. Si mtu mbaya. Kanipa kiti, kanipa soda, kasikiliza mpaka mwisho huku kashika kichwa. Halafu akaniambia, "Mama, yale si maneno. Ni ya kushikia nafasi tu." Akasema ipo programu, mafundi wenzake wote wanaitumia. Unaiambia unataka aya ngapi, inakutolea, mwenye kazi aone ukurasa utakavyokaa ukishaandikwa. Nikamuuliza kwa nini wasiandike jambo la kweli. "Ukiweka la kweli mtu anaanza kulisoma, mama. Haangalii tena mpangilio." Akabonyeza nione. Hata kupepesa jicho sijapepesa, aya kumi zimejaa. Akabonyeza tena, nyingine kumi.

Ilikuwa kama kuonja mafuta yaliyochacha, Dada, ukatema na bado yako kooni. Watu wazima, wenye akili, wamekaa wakatengeneza mashine ya maneno ambayo sifa yake ni kwamba hayasomwi. Kama vile maneno matupu yamekuwa haba duniani! Na mimi nimeyasoma mbele ya Mola, kwa jina lako. Shekhe ameniambia Mungu anajua nia yangu, nitulie. Nimeomba toba, lakini bado nikikumbuka zile amina naona uchafu mdomoni.

Nikamuuliza Rashidi, "Kwa nini hukuacha peupe?" Akainamisha macho. "Nilikuomba wasifu mara nne, mama."

Ni kweli, mara nne. Na mara zote nilimwambia kesho. Nilipotoka pale sikujua ninayemchukia zaidi ni mashine au ni mimi. Ile mashine haikuingia nyumbani kwako yenyewe. Mimi ndiye niliyeiachia mlango.

Ameyafuta palepale. Imebaki picha yako na chini yake peupe. Amesema hatapajaza tena mpaka nilete maneno.

Basi nimeandika. Yasikilize:

"Somoe hakusoma shule. Alikamua ufuta Malolo. Mafuta yakichacha aliyamwaga, hata kama mnunuzi amesimama pale. Alizika mtoto mmoja, akalea wanne wasiokuwa wake. Alikuwa mkali. Kuomba msamaha kulimpa shida, lakini aliomba."

Ndiyo hayo tu. Hata aya moja hayafiki vizuri. Mwanaidi kasema, "Mama mdogo, hapo pa mkali tupatoe, watu wa nje watasoma." Nimekataa. Nimemwambia wewe ungemuuliza: "Nani kakwambia nilikuwa mpole?"

Lala salama, dada yangu. Ijumaa baada ya swala nakuja Malolo kwenye kaburi lako, na ninakuahidi, Rashidi hatayapata kabla hujayasikia wewe. Nitasimama kichwani pako nikusomee taratibu, neno kwa neno, kama zamani.

Neno moja nimeshalifuta. Nilianza kwa kuandika "mpendwa". Wewe hukuwahi kulisema, kwa hiyo nimelitoa kwenye karatasi. Nimebaki nalo mwenyewe.

Mdogo wako,
Hawa