Gazeti Lililochanganya Ndugu

Jumanne, 4 Novemba
Meseji kwenye grupu ya kanisa. Baruti imelipuka machimboni, mtoto wa Mzee Josaphat, baba mkwe wetu, amefariki. Jina hakuna! Kisha netiwaki ya kule nyumbani ikakatika, nasi tuko huku ughaibuni. Leo ilikuwa zamu ya mume wangu, Brice, kushuka shimoni. Yaya Médiatrice, dada yetu wa mlango wa pili, mke wa Aimé mdogo wake Brice, alikuja mbio, akanikumbatia, akaniambia: Lia, Mama Inès, lia, niko hapa.

Jumatano, 5 Novemba
Pasta anataka picha ya Brice aiweke mezani. Nimekataa. Eti nimwache marehemu apumzike. Marehemu gani?

Ijumaa, 7 Novemba
Nyumba imejaa watu, nikakimbilia darasa la Kiingereza. Mwalimu Shelina katusomesha habari ya Alfred Nobel, mtu wa Sweden aliyebuni dinamiti. Baruti hii hii ya machimboni! Ikamtajirisha, na mali yake ikaanzisha zile tuzo kubwa za dunia, hata ya amani. Nikalifunga daftari kwa hasira.

Halafu mwalimu akasema, inasimuliwa gazeti liliwahi kutangaza kifo chake — naye yu hai, anajisomea! Sijawahi kuinua mkono darasani. Leo niliinua. Aliyekufa ni nani basi?

Kaka yake, akasema. Gazeti lilichanganya ndugu.

Kwenye basi la kurudi, la mtaa wa Kipling, nilicheka peke yangu, watu wakanitazama. Si Brice akiumwa mgongo Aimé humshikia zamu? Mungu wangu, iwe hivyo. Iwe hivyo!

Nikafungua mlango. Yaya Médi anamsuka Inès wangu, anamwimbia. Ugali wangu kaufunika kwa sahani. Sikuweza kumtazama machoni.

Jumapili, 9 Novemba
Sikwenda kanisani. Nitamwomba Mungu nini? Nimejaribu kuomba bila kutaja jina. Jina linakuja lenyewe.

Mchana Yaya Médi kaleta uji. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia ya zamu. Akakoroga uji, akakoroga. Kisha akasema, hilo nalijua tangu Jumanne, Mama Inès. Unafikiri kwa nini nakupikia kila siku? Na mimi nina jina ninaloliombea.

Sasa simu yake inalia. Baba mkwe! Netiwaki imerudi. Ameiweka mezani katikati yetu. Imekatika. Inalia tena. Pokea wewe, ananiambia — lakini mkono wangu wa kushoto ameubana, hauachii. Na huu wa kulia unaandika.