Maelezo ya Dada Ndoo Kuhusu Kifo cha Mtoto Aliyeitwa Babu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini huitwa Dada Ndoo.
Umri: miaka 38.
Kazi: msafishaji, kituo cha kulelea watoto wadogo.
Makazi: chumba cha kupanga juu ya duka la dobi, mtaa wa nyuma ya kituo.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeonywa kusema kweli na nitaisema, ingawa kweli yenyewe ni chungu.

Kwetu nilisomea malezi ya watoto wadogo miaka miwili, nikaifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Huku cheti changu hakikutambuliwa. Nilipeleka maombi kwenye ofisi inayokagua vyeti vya nje, nikaambiwa nisubiri, na katika kusubiri nikapata kazi ya kupiga deki hapo kituoni. Jina la Ndoo nimepewa na watoto. Wakisikia ndoo inaburuzwa koridoni hupiga kelele, "Ndoo! Ndoo!" kama vile ameingia bibi harusi. Sikuona vibaya, nililizoea.

Nieleze sharti moja, afande, maana ndilo lililotufikisha hapa. Asiyetambuliwa haruhusiwi kuingia chumba cha kulala kukiwa na mtoto ndani, wala kumshika mtoto. Mwaka jana mtoto mmoja alianguka mbele yangu, nikamwinua na kumpangusa makamasi. Mzazi aliniona, akalalamika, na maombi yangu yakarudishwa nyuma mwaka mzima. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nina binti wa miaka tisa aliyebaki kwa mama yangu, na nisipotambuliwa siruhusiwi kumleta. Kila Jumapili huniuliza kwenye simu, "Mama, wamekubali?" Nami humwambia, "Karibu." Ameisikia hiyo karibu mpaka siku hizi haniulizi lini.

Mnamo Alhamisi, tarehe 14, mlezi wa zamu ya watoto wachanga alikuwa binti mmoja ninayempenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Mwenzake aliamka mgonjwa akaomba ruhusa, kwa hiyo alibaki peke yake na watoto sita, mmoja wao akiharisha. Baada ya saa saba mchana, wengine wakiwa wamelala, alimpeleka huyo bafuni kumbadilisha nepi. Mimi nilikuwa koridoni na ndoo yangu.

Mlango wa chumba cha kulala ni wa kioo. Nilimwona Babu amegeuka kifudifudi. Babu ni mtoto wa miezi mitano. Tulimwita hivyo kwa kipara chake, na kwa jinsi alivyokuwa akiguna maziwa yakichelewa. Uso wake ulikuwa umezama kwenye shuka iliyojikunja. Nilikwenda kwenye mlango wa bafu nikasema kwa sauti ya chini, kwa mazoea, maana anayefanya kazi na wachanga hapazi sauti wakiwa wamelala, "Mdogo wangu, Babu amelala vibaya."

Akasema, "Nakuja, dada. Huyu amechafuka mpaka mgongoni."

Nikarudi kwenye kioo, nikagonga kwa kucha. Mtoto wa kitanda cha pili alishtuka. Babu hakushtuka. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Niliuona, afande, umeshika kitasa na haukizungushi. Nilikuwa namfikiria binti yangu. Nikarudi bafuni, na safari hii nilipiga kelele. Mlezi alitoka mbio, yule mwingine akiwa mkononi mwake bila nguo.

Alipomgeuza Babu, midomo ilikuwa ya bluu. Hapo niliingia, na sikukumbuka sharti lolote. Nilimlaza sakafuni nikampulizia pumzi na kumbonyeza kifua kwa vidole viwili, kama nilivyofundishwa, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mhudumu wake aliniuliza, "Wewe ndiye mlezi?" Nikamjibu, "Mimi msafishaji." Wakamchukua. Saa tisa mkuu wa kituo alipigiwa simu kutoka hospitali. Alipoikata, alikaa tu kwenye kiti kimojawapo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

Nilikwenda jikoni kumletea maji. Ndani ya friji kulikuwa na boksi la keki, nikadhani ni ya mtoto anayetimiza mwaka. Juu yake iliandikwa, "Hongera, Mlezi Wetu Ndoo." Yule binti alinikuta nimesimama, friji iko wazi.

"Walikukubali tangu Jumatatu, dada," akasema huku analia. "Barua ilikuja kwa mkuu kwa sababu ndiye aliyekudhamini. Tukasema tukufanyie sapraizi Ijumaa."

Nikaufunga mlango wa friji. Akaendelea, "Ulipokuja mara ya kwanza nilitaka kukwambia ingia umgeuze. Nikaona nitaharibu ya kesho."

Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini yangu hayakungoja.

Nimesikia binti huyo anashikiliwa hapa kwa uzembe. Sikuja kumtetea wala kumkandamiza. Hakuwa na simu mkononi, wala hakuwa amesinzia. Alinificha habari njema kwa kunipenda, na wote pale kituoni walinificha hivyo hivyo. Kama ni kosa, liandikwe, na mkono wangu kwenye kitasa nao uandikwe, kwa sababu nilimwona Babu kabla yake. Kama ningeingia mara ya kwanza angepona au la, sijui. Nilimuuliza daktari, akasema hawezi kujua. Ningependa angesema lolote kuliko hilo.

Juzi Jumapili binti yangu alipiga simu, akauliza kama kawaida yake. Nilimwambia, "Karibu."

Sina zaidi ya haya. Nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa, na nayakubali kuwa yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, Jumanne tarehe 19, saa nne asubuhi. Shahidi alisomewa akakiri kuwa ni sahihi. Kwa kuwa cheti chake kimekwisha kutambuliwa, nilimuuliza kama sehemu ya kazi irekebishwe na kusomeka "mlezi". Akasema iachwe ilivyo.